Vifo 11 vya Hola na maoni ya Waingereza, 1959

Tarehe 4 Machi 1959 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa taarifa fupi. Wafungwa kumi wa kambi ya kizuizini ya Hola, kando ya Mto Tana, wamefariki dunia. Walikuwa katika kundi la watu kama mia moja lililokuwa likichimba mifereji, na vifo vilitokea baada ya kunywa maji ya gari la maji ambalo wafungwa wote na askari wao walilitumia.

Taarifa hiyo ilijisuta yenyewe. Kama wafungwa na askari walikunywa maji yaleyale, mbona waliokufa ni wafungwa peke yao? Madaktari walipofanya uchunguzi hawakukuta sumu. Walikuta michubuko, uvimbe na mifupa iliyovunjika. Idadi ikafika 11. Mwezi Mei hakimu W. H. Goudie, aliyeendesha uchunguzi wa vifo hivyo, akatamka kwamba watu hao walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kutokana na kupigwa. Kuhusu nani alimpiga nani pigo lililoua, alisema ushahidi haukutosha. Hakuna aliyeshtakiwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu watu wengi hukisimulia kwa njia iliyonyooka mno: Waingereza waliua Hola, umma wa Uingereza ukashtuka, ukoloni ukaanguka. Sehemu ya mwisho ina ukweli ndani yake. Ile ya katikati, ya umma kushtuka, ndiyo inayohitaji kuchunguzwa, maana miezi saba tu baada ya Hola umma huohuo uliirudisha madarakani serikali ileile, tena kwa wingi mkubwa zaidi.

Tuanze na kilichotokea siku yenyewe. Kufikia 1959 vita vya msituni vya Mau Mau, waasi ambao wengi wao walikuwa Wakikuyu, dhidi ya utawala wa Kiingereza vilikuwa vimekwisha. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Wengi kati ya makumi ya maelfu waliokuwa wamefungwa kambini bila kuhukumiwa walikuwa wamekwisha kupitishwa katika mkondo wa kambi, wakakiri kwamba walikula kiapo cha Mau Mau, na kuachiliwa. Waliobaki Hola walikuwa wale ambao serikali iliwaita sugu. Kule kulikuwa na mradi wa umwagiliaji, na wao walikataa kuufanyia kazi. Hoja yao ilikuwa wazi: hatujahukumiwa na mahakama yoyote, sisi ni wafungwa wa kisiasa, hatuwezi kulazimishwa kazi.

Ofisa wa magereza, John Cowan, akaandika mpango. Wafungwa watolewe kwa vikundi vidogo, wazungukwe na askari wengi, waamriwe kufanya kazi, na wakikataa washikwe kwa nguvu mpaka wafanye. Mpango ulipita mezani kwa mawaziri wa Nairobi ukaidhinishwa. Asubuhi ya tarehe 3 Machi mkuu wa kambi, Michael Sullivan, aliwatoa watu 85 kwa mpigo. Askari wakiwa na virungu waliwapiga, wakapumzika, wakawapiga tena. Mmoja wa waliopigwa, Wambugu wa Nyingi, alieleza miaka mingi baadaye katika kesi ya London kwamba alizirai, akatupwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa amekufa, na alipozinduka alijikuta amelala kati yao.

Gari la maji halikuwa uzushi mtupu. Gari lilikuwapo pale. Kilichozushwa ni uhusiano wake na vifo. Waliotunga taarifa ya Nairobi walichukua kitu cha kweli kilichokuwapo mahali pale wakakitwisha mzigo wa lawama. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi mno kwa sababu waliouvunja uongo huo walikuwa madaktari na hakimu wa serikali yenyewe.

Habari zilikuwapo tangu zamani

Anayesema Waingereza walishtuka Hola kwa sababu hawakuwa wakijua lolote, anawasamehe mapema mno. Tangu 1953 habari zilikuwa zikivuja. Kapteni Gerald Griffiths wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) alishtakiwa mwishoni mwa mwaka huo kwa mauaji akaachiliwa, kisha mwaka 1954 akapatikana na hatia ya kutesa watu na kufungwa miaka mitano. Katika kesi hiyo kulitajwa mambo ambayo magazeti ya London yaliyachapisha: ubao wa kuhesabia waliouawa, na shilingi tano kwa askari aliyeua. Kanali Arthur Young, polisi wa London aliyepelekwa kuongoza polisi wa Kenya, alijiuzulu mwisho wa 1954 kwa sababu serikali ya koloni haikutaka achunguze uhalifu wa homugadi (wanamgambo wa Kiafrika waliokuwa upande wa serikali) na maofisa. Barua yake ya kujiuzulu ilifichwa, lakini kujiuzulu kwenyewe kulijulikana. Wamisionari wa Kianglikana waliandika. Barbara Castle, mbunge wa Leba, chama cha upinzani, alikuja Kenya Novemba 1955 na kuyaandikia magazeti. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, Mkwekeri (muumini wa dhehebu la Kikristo linalopinga vita) aliyefanya kazi katika kambi, alieleza kuhusu wasichana wadogo kwa umri waliofungwa kifungo cha maisha katika gereza la Kamiti. Serikali ilimshambulia yeye binafsi badala ya kuyajibu aliyoyasema. Barua za wafungwa wenyewe zilipenyezwa nje ya kambi mpaka kwa wabunge.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyobadilisha sera. Februari 1959, siku chache kabla ya Hola, Leba waliomba bungeni uchunguzi huru wa kambi za Kenya. Wakashindwa kwa kura.

Kwa nini? Jibu langu linaanzia tarehe 24 Januari 1953, shambani kwa familia moja ya walowezi huko Kinangop. Roger Ruck, mkewe Esme ambaye alikuwa daktari, na mtoto wao Michael wa miaka sita waliuawa kwa mapanga. Magazeti ya Uingereza yalichapisha picha za chumba cha mtoto, na vitu vyake vya kuchezea vikionekana. Walowezi waliandamana hadi kwenye lango la ikulu ya gavana Nairobi. Miezi miwili baadaye, usiku wa tarehe 26 Machi, Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kufungulia wafungwa. Usiku huohuo huko Lari nyumba za wafuasi wa serikali zilichomwa moto, wanawake na watoto wakiwa ndani.

Hizo zilikuwa pigo mbili tofauti kwa serikali. Naivasha ilikuwa aibu ya kijeshi, Lari ilikuwa ukatili wa adui. Kwa msomaji wa Manchester au Leeds zilikuja pamoja na zikamfundisha jambo moja: hawa si wapiganaji, ni wauaji, na watu wetu hawapo salama. Kushindwa kwa kijeshi hakukumfanya aulize kama vita vina haki. Kulimfanya atake vikali zaidi. Juni 1953 alitumwa Jenerali George Erskine na vikosi vikaongezwa.

Kisha angalia kisichofika kwenye magazeti. Baada ya Lari, homugadi na askari waliwaua watu wengi kwa kulipiza kisasi. Mwezi Juni huko Chuka askari wa KAR waliwaua wanakijiji ambao hawakuwa Mau Mau kabisa, baadhi yao wakiwa homugadi. Hakuna picha, hakuna jina, hakuna chumba cha mtoto. Katika miaka yote ya Hali ya Hatari, yaani sheria za dharura za wakati wa vita hivyo, raia wa Kizungu waliouawa ni 32. Wapiganaji wa Mau Mau waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni zaidi ya 11,000, na walionyongwa kwa amri ya mahakama ni zaidi ya 1,000. Kwa miaka sita fikra za Waingereza juu ya Kenya zilijengwa na wale 32. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na katika vita hivi magazeti yalikuwa yamekwisha kuamua nani ni nani.

Kwa hiyo kila habari ya mateso ilipofika, msomaji alikuwa na jibu tayari: labda ni kweli, lakini hukuona walichomfanyia yule mtoto? Serikali ililijua jibu hilo na kuliegemea. Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alipoandikia gavana kuhusu namna ya kuhalalisha kupigwa kwa wafungwa, aliandika kwamba kama tutatenda dhambi, basi tutende kimyakimya. Naisoma sentensi hiyo kama ushahidi wa jambo moja kubwa. Watawala waliamini kwamba umma wa nyumbani ungevumilia mradi tu usilazimishwe kutazama. Hawakuogopa hasira yake kwa yaliyotendwa. Waliogopa asije akatokea mtu wa kuyaweka yaliyotendwa mahali ambapo hakuna anayeweza kugeuza uso.

Kilichokuwa tofauti 1959

Hola ililazimisha watu watazame, kwa sababu kadhaa ambazo hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni kwamba hofu ilikuwa imepoa. Hakuna Mzungu aliyekuwa hatarini Kenya mwaka 1959. Waliouawa Hola hawakuwa msituni na bunduki. Walikuwa wamefungwa, mikononi mwa dola, wakiambiwa wachimbe mfereji. Ile kauli ya "hukuona walichofanya" ilikuwa imeishiwa nguvu, ingawa bado ilijaribiwa. Mbunge mmoja wa Wahafidhina, chama tawala, aliwaita marehemu watu waliopungukiwa na ubinadamu.

Ya pili ni ule uongo wa maji, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mateso kambini yalikuwa yamekanushwa kwa miaka mingi, na kanusho lilikuwa likishinda, kwa kuwa lilikuwa neno la gavana dhidi ya neno la mfungwa. Safari hii neno la gavana lilikuwa limechapishwa tarehe fulani, na neno la hakimu wake limechapishwa tarehe nyingine, na mawili hayo hayakupatana. Muingereza wa kawaida asiyejali Mkikuyu amekufa vipi, alijali kudanganywa na serikali yake. Inauma kuandika hivi, kwamba watu 11 walipata kusikilizwa kupitia mlango wa heshima ya serikali kwa wapiga kura wake, lakini ndivyo mjadala ulivyokwenda. Bungeni mwezi Juni maswali mengi yalihusu nani alijua nini na lini kuhusu ile taarifa ya maji.

Ya tatu ni Nyasaland, Malawi ya leo. Tarehe 3 Machi 1959, siku ileile ya Hola, serikali ya huko ilitangaza hali ya hatari, ikawakamata Dkt. Hastings Banda na wenzake, na askari wakaua watu 20 Nkhata Bay. Tume ya Jaji Devlin iliyochunguza ikaandika mwezi Julai kwamba Nyasaland ilikuwa, japo kwa muda, dola ya kipolisi. Ripoti ya jaji wa Kiingereza na uamuzi wa hakimu wa koloni vikafika London vikifuatana. Koloni moja ungeweza kulilaumu kwa ofisa mmoja mbaya. Makoloni mawili kwa siku moja yalisema kitu kuhusu mfumo.

Ya nne ni Enoch Powell.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai Bunge la Uingereza lilirudi tena kwenye Hola, karibu na mwisho wa kikao chake cha mwaka. Saa saba usiku ilikuwa imepita Powell aliposimama. Alikuwa Mhafidhina, wa mrengo wa kulia, mtu wa dola na bendera. Leba walikuwa wamesema yote tayari, na Leba kusema hakukuwa habari. Powell alichukua kila utetezi wa serikali akauvunja. Juu ya kuwaita waliokufa watu pungufu, alisema ni fundisho la kutisha, kumhukumu binadamu mwenzako kwamba kwa kuwa alikuwa hivi au vile, basi kifo chake kisiwe na matokeo ambayo kifo kingine kingekuwa nayo. Juu ya wale waliosema Afrika ni Afrika, alijibu kwamba hatuwezi kusema tutakuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, viwango vya Kiasia Asia, na labda viwango vya Kiingereza hapa nyumbani. Akasema pia kwamba utawala wote, nguvu yote ya mtu juu ya mtu, msingi wake ni maoni ya watu. Inasemekana alipoketi alikuwa akitokwa machozi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua Powell kwa hotuba nyingine, ile ya Aprili 1968 dhidi ya wahamiaji. Mtu ni yuleyule. Sioni haja ya kulificha lolote kati ya hayo mawili, na naona la kwanza linaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka la pili: Powell hakuzungumza Hola kwa ajili ya Wakikuyu. Alizungumza kwa ajili ya jina la Uingereza. Hata hivyo maneno yake yalifika pale ambapo miaka sita ya ushahidi wa akina Castle, Fletcher na wafungwa wenyewe haukufika, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema anaichukia nchi yake au anatafuta kura za upinzani.

Uchaguzi, na kilichofuata

Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alitaka kujiuzulu. Waziri Mkuu Harold Macmillan alimkatalia. Uchaguzi ulikuwa karibu. Sullivan alistaafishwa bila kupoteza kiinua mgongo chake. Cowan, mwenye mpango, alitunukiwa nishani ya heshima mwezi Juni. Kisha tarehe 8 Oktoba 1959 Waingereza walipiga kura. Wahafidhina walipata viti 365 na wingi wa viti 100 bungeni. Kampeni yao ilihusu maisha mazuri: mishahara, magari, televisheni, nyumba. Afrika haikuwa na nafasi humo. Ukimpima umma kwa sanduku la kura, Hola haikutokea.

Hapa ndipo wengi huhitimisha kwamba ukatili wa vitani haubadili maoni ya nyumbani. Mimi naona wanapima mahali pasipo penyewe. Maoni ya umma si idadi ya kura tu. Pia ni kile ambacho watawala wanaamini kwamba kitafika kwao kesho. Macmillan alishinda, na baada ya ushindi huo Lennox-Boyd aliondoka, naye Macmillan akamweka Iain Macleod mahali pake. Macleod alikuja kueleza baadaye kwamba Hola ndiyo iliyomwonyesha kwamba Uingereza haiwezi tena kuitawala Afrika kwa njia za zamani, na kwamba hilo lilimaanisha kuelekea uhuru. Januari 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa Kenya baada ya zaidi ya miaka saba. Mwezi huohuo viongozi wa Kiafrika waliketi kwenye mkutano wa Lancaster House, London, na walowezi wakaambiwa uso kwa uso kwamba Waafrika walio wengi watatawala. Tarehe 3 Februari Macmillan alihutubia bunge la Afrika Kusini kuhusu upepo wa mabadiliko.

Hesabu waliyoipiga ilikuwa hii. Ufaransa ilikuwa imezama Algeria, na vita hivyo vilikuwa vimekwisha kuangusha jamhuri nzima mwaka 1958. Uingereza ilikuwa imeamua kukomesha kuwaita vijana jeshini kwa lazima ifikapo mwisho wa 1960, kwa hiyo uasi mwingine kama wa Kenya ungekosa askari. Na sasa walijua kwamba kila kambi mpya itazaa Hola nyingine, kwamba Hola nyingine haitafichika, na kwamba safari ijayo wapiga kura wa tabaka la kati, waumini wa makanisa na wabunge wao wenyewe hawatakuwa wapole. Wapiga kura walikuwa hawajakasirika. Watawala walibadilika kwa kuiona hasira kabla haijafika.

Nadhani ndivyo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokubali. Mapigo ya mwanzo wa vita huufanya umma uwe mkali. Ukatili wa jeshi la nyumbani huzama wakati hofu ingali juu, hata ukiandikwa na mashahidi wa kuaminika. Hofu ikishuka, ukatili uleule, pengine mdogo kwa idadi kuliko uliotangulia, hushika, hasa ukiambatana na uongo unaoweza kuthibitishwa kwa karatasi za serikali na ukisemwa na mtu wa ndani. Watu 11 wa Hola ni wachache ukiwaweka kando ya waliokufa 1953 na 1954. Hawakuwa wa kwanza kupigwa mpaka kufa kambini. Walikuwa wa kwanza kufa baada ya Uingereza kuacha kuogopa.

Gharama ya ukweli huo ililipwa na watu wa miaka iliyotangulia, ambao mateso yao yalibaki bila mjadala wowote wa usiku. Utawala ulipoondoka Kenya mwaka 1963 ulibeba majalada mengi kuyapeleka Uingereza, yakahifadhiwa Hanslope Park bila kutajwa. Serikali ililazimika kuyakubali mwaka 2011, wakati Wambugu wa Nyingi na wazee wenzake walipokuwa wameishtaki London. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni, akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali inasikitika, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Alisema pia kwamba Uingereza haikubali kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa koloni. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 waliendelea na kesi yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London iliitupa, kwa hoja kwamba muda uliopita ni mrefu mno kesi isiweze kusikilizwa kwa haki. Muda huo ulirefushwa na wale walioyaficha majalada.